Kengele na Shahidi wa Pili

Kiatu cha Badawy kilikuwa bado shingoni mwangu, na shavu langu limegandamana na barafu. Hapo ndipo nilipokatia wiki iliyopita, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nilikufa. Sikufa. Siku hizi kuna wakati natamani ningekufa mimi pale, kwa sababu yaliyofuata yalimpata mtu asiye na hatia yoyote.

Aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza nitamwelezea upesi.

Naitwa Fahim. Nilizaliwa Mombasa, nikasomea kompyuta hapa Saint Paul, na nilipohitimu niliamini kwamba elimu yangu itawafaa watu wangu kabla ya kumfaa tajiri yeyote wa Eden Prairie. Nikatengeneza programu, nikaiita Kengele. Kengele hailali. Inasoma mchana na usiku kurasa za mabasi, tahadhari za theluji, amri za kuondoa magari barabarani na matangazo ya misikiti, na likitokea jambo linalokuhusu inakuarifu kwenye simu bila kuulizwa. Mlio wake niliurekodi nyumbani: muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake.

Habari moja tu sikuiachia mashine. Kifo. Tanzia haitoki mpaka iwe na mashahidi wawili, mmoja aiandike na wa pili aithibitishe. Wenye ruhusa hiyo tulikuwa wanne. Badawy, anayeosha maiti wa kiume na kuendesha gari la maiti. Bi Rukaya, anayeosha maiti wa kike. Harun, anayeshughulikia makaburi. Na mimi.

Sumayya ni mke wa Badawy. Harun ni kaka wa Sumayya, na Bi Rukaya ni shangazi aliyewalea. Badawy alipomvunja taya, Sumayya alimchukua binti yake Raisa akatoroka, na mahakama ikampiga Badawy marufuku asiwakaribie. Jirani yangu Goretti, mama wa Kikongo, aliwaficha kwake Columbia Heights. Mahali hapo tulipajua mimi, Goretti na mumewe Heri. Basi.

Lakini nilimwingiza Sumayya kwenye Kengele, kwa namba yake mpya na namba ya mlango wa Goretti, ili aarifiwe basi likichelewa. Na kwa sababu nyingine. Aliwahi kuniambia kwamba haogopi njaa wala baridi. Anaogopa shangazi yake afe naye asijue, kwa kuwa alimwahidi kwamba mkono utakaomwosha utakuwa wake. Sikuweza kustahimili wazo hilo.

Badawy aliijua ahadi ile.

Jumamosi asubuhi aliandika kwamba Bi Rukaya amefariki alfajiri na mazishi ni baada ya Adhuhuri. Ningepiga simu moja tu nyumbani kwa yule mama, mngekuwa mnasoma hadithi nyingine. Lakini kwetu hupigi simu kwenye nyumba ya msiba kuuliza kama ni kweli mtu amekufa. Unavaa kanzu unakwenda. Na mwosha maiti akikwambia fulani amekufa, utambishia nini?

Nikathibitisha. Shahidi wa pili nilikuwa mimi.

Nikawa wa kwanza kufika kwenye nyumba ya kuoshea maiti, Burnsville. Meza ya kuoshea ilikuwa kavu. Ndoo zimepangwa, sanda bado imo kwenye mfuko wake, na maiti hakuna. Nilipogeuka nitoke ndipo Badawy aliponipiga ngumi ya kwanza, akaniburuta hadi nyuma ya jengo.

Sasa twende.

"Injinia," aliniambia, akiongeza uzito kwenye kiatu. "Mwanangu yuko wapi?"

Nilimwambia sijui. Akanipiga teke la mbavu, la pili likaja palepale, na nikaanza kutapika chai yangu ya asubuhi kwenye theluji. Aliongea kwa upole kama anavyoongea na wafiwa. Alisema yeye hamtaki tena Sumayya, anamwachia dunia nzima. Anamtaka Raisa tu. Nimtajie mlango nikanawe uso.

"Ami Badawy," nilisema, kwa sababu hata wakati ule adabu haikunitoka, "mimi sijui anakoishi."

"Wewe hujui, lakini Kengele yako inajua. Mashine haina uongo. Si ndivyo ulivyotuhutubia siku ile msikitini?"

Ndivyo nilivyowahutubia.

Akaitoa simu yangu mfukoni, akakishika kidole gumba changu cha kulia na kukibandika kwenye kioo. Simu haikufunguka, kwa kuwa kidole kilikuwa na damu. Akakifuta kwenye kanzu yangu taratibu, kama mtu anayefuta kijiko. Nikakunja ngumi. Akapiga goti juu ya mkono wangu, akakikunjua kidole, nacho kikakataa, naye akaendelea. Mlio niliusikia kabla ya maumivu.

Safari hii simu ikafunguka.

Hapo magari yakaanza kuingia kwenye maegesho. Badawy akaitumbukiza simu kwenye koti lake, akaniinua kwa makwapa, akanipangusa theluji kifuani. Kina mama wawili walipotokea kwenye kona aliwaambia kijana ameteleza, njia haikumwagiwa chumvi. Wakanipa pole. Mmoja akafungua mkoba anipe leso.

Simu yangu hujifunga yenyewe ikiachwa bila kuguswa. Nilijifariji kwa hilo. Naomba mlikumbuke, kwa sababu nililirudia moyoni siku ile mara nyingi kuliko dua.

Nilitaka kupaza sauti niwaambie watu hakuna maiti. Mdomo ulikuwa umejaa damu na pumzi hazinitoshi. Nilichoweza ni kutembea kuelekea lango la maegesho nikiwa nimeshika mbavu, nikiomba Goretti, ambaye lazima angemleta Sumayya, apotee njia.

Goretti hakupotea. Gari lake dogo la kijani liliingia na kusimama karibu na mlango mkubwa. Sumayya alishuka kabla halijatulia vizuri. Alikuwa na buibui, na mkononi kibeti cha kitambaa. Nilijua kilichokuwamo: karafuu maiti, pamba, na shuka mpya. Alikuja kutimiza ahadi. Alikuwa akilia huku akimwita shangazi kama mtoto.

Umati ukampisha. Badawy akatoka kati yao, mikono ameitanua.

"Pole, mke wangu," alisema mbele ya watu wote. "Mungu ametukutanisha kwa msiba."

Sumayya alisimama. Alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi, na macho yake yakashuka hadi kwenye kidole changu kilichokuwa kimegeukia upande usio wake. Aligeuka akimbie.

Kando ya mlango, penye ndoo ya chumvi, huwa kuna chuma kirefu cha kuvunjia barafu. Badawy alikichukua bila haraka. Pigo la kwanza lilimpata Sumayya begani akaanguka magoti. La pili lilimchana kichwa juu ya sikio. Kibeti kilifunguka na pamba ikatawanyika, nikaiona inavyobadilika rangi.

Nitasema ukweli juu ya watu wangu, kwa sababu nawapenda. Walisita. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya kusuluhisha kwamba mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani, si mbele ya jeneza. Mwingine akamwambia Badawy atulize hasira, leo ni siku ya msiba. Hakuna aliyekizuia kile chuma.

Aliyekizuia ni Goretti. Mama mfupi, Mkatoliki, asiyemjua hata mtu mmoja pale zaidi ya mimi na Sumayya, alipita katikati ya kanzu na mabuibui akaenda kusimama kati ya Badawy na Sumayya.

"Monsieur," alisema, "huyu mwanamuke amekuja kulia mutu wake. Kama unataka kumupiga, anzia kwangu."

Badawy alianzia kwake. Goretti alikinga kwa mkono wa kushoto, na mkono ule ukavunjika kati ya kiwiko na kiganja. Hakupiga kelele. Aliinama tu, akatema mate miguuni mwa Badawy, akabaki palepale.

"Bado nasimama," alimwambia.

Nilimrukia Badawy mgongoni. Sijawahi kupigana maishani, hata shuleni nilikuwa mtunza vitabu. Nilimng'ata sikio. Alinitupa chini kama mtu anavyovua koti, akanipiga kisigino usoni, na jino moja likaniruka. Nililiona linazama kwenye theluji.

Wakati huo mama mmoja ndani ya umati alikuwa kwenye simu. Alikuwa amempigia jirani wa Bi Rukaya kuuliza kama zitahitajika sufuria kubwa za pilau ya wafiwa. Jirani hakuwepo kwake. Alikuwa jikoni kwa Bi Rukaya, ambaye simu yake mwenyewe ilikuwa imezima tangu usiku, na aliyeichukua simu ya jirani ni mwenye jiko. Yule mama akapiga ukelele, kisha akaiweka simu kwenye spika na kuinyanyua juu.

"Nani kafa?" sauti ya Bi Rukaya ilisikika kwenye maegesho yote.

"Wewe, Bi Rukaya," mama yule alijibu.

"Mimi? Basi subirini nimalize kukaanga sambusa, ndiyo nije nizikwe. Nani kawaambia huo upuuzi?"

Hakuna aliyecheka. Niliwaona wanaume wale wakigeuka mmoja mmoja kumtazama Badawy, mtu aliyewaoshea baba zao na kaka zao kwa mikono yake, na nyuso zao zikibadilika. Yule mzee aliyetaka suluhu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua bakora.

Wakamvamia. Badawy alizungusha kile chuma akavunja pua ya mtu, akavunja kioo cha gari, akafika kwenye gari la maiti. Mtu mmoja alishikilia mlango, akaburutwa hadi barabarani na kuachwa kwenye lundo la theluji. Lile gari jeupe likapotea.

Tayari kulikuwa na waliopiga simu polisi. Nilimtambaia Sumayya. Alikuwa na fahamu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Shangazi yu hai?"

"Yu hai. Anakaanga sambusa."

Alicheka, damu ikamwingia jichoni.

Harun alifika hapo, akitoka makaburini alikokwenda kuonyesha mahali pa kuchimba. Alisimamisha gari pembeni yetu, akafungua mlango wa nyuma. Sumayya alipomwona alijikunyata dhidi yangu.

"Siingii," alisema. "Wewe ndiye uliyenirudisha kwake mara ya kwanza. Ukaniambia nivumilie."

Harun ni mtu mzima, ana mvi. Alipiga magoti kwenye damu ya dada yake.

"Najua," alisema. "Ingia, unitukane ukiwa umekaa."

Goretti alikuwa ameketi kwenye ngazi, mkono wake umefungwa kwa mtandio wa mtu. Alituambia twende, Sumayya apelekwe hospitali haraka, yeye atangoja ambulensi na kuwaeleza polisi kila kitu, kwa kuwa aliona vizuri na haogopi. Niliuliza juu ya Raisa. Akasema yuko nyumbani na Heri. Heri hufanya kazi usiku kwenye kiwanda cha nyama, kwa hiyo wakati ule alikuwa amelala, na mtoto alikuwa akitazama katuni. Mlango umefungwa kwa komeo na mnyororo.

"Huyo mubaya hajui kwangu," Goretti alisema. "Sivyo, kaka Fahim?"

"Hajui," nilimjibu.

Tulishika njia ya kaskazini, I-35. Harun alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja, mwingine ameunyoosha nyuma amemshika dada yake goti. Nilimbana Sumayya jeraha kwa kanzu yangu niliyoichana.

Kisha Harun aliuliza Badawy alinifanya nini. Nikamweleza, hadi kwenye kidole na simu.

"Kwa hiyo simu yako anayo."

"Imejifunga, kaka Harun. Hujifunga yenyewe."

Sumayya alinitazama kwa jicho lake moja lililokuwa safi. Nami sikumpa nafasi ya kusema, nikaanza kueleza jinsi simu inavyojilinda, nikitumia maneno ya chuoni, kama vile maneno yale yangeweza kusimama mlangoni kwa Goretti.

Damu ilikataa kukoma. Harun akaingia kwenye kituo cha mafuta, akanunua bandeji na maji, na tulipokuwa tunamfunga kichwa akatuambia alichokuwa akikifikiria tangu Burnsville.

Alisema polisi watamtafuta Badawy, na labda watampata. Wakimpata, atatoka siku moja. Akitoka ataanza tena, kwa sababu amri ya mahakama ilikuwapo hata leo na haikuzuia chuma. Mtu yule hatakoma kumtafuta Sumayya maadamu anajua yu hai.

"Umati mzima umeona ulivyopigwa," alimwambia. "Wameiona damu. Leo wakiambiwa umekufa, kila mtu ataamini. Tuwape watu tanzia. Wewe na Raisa muondoke jimbo hili kesho, muanze upya kwingine. Mtu aliyekufa hafuatwi."

"Na kaburi?" nilimuuliza.

"Makaburi ni kazi yangu."

Nilikataa. Niliwaambia kwamba Kengele ina thamani kwa sababu haijawahi kusema uongo, na leo asubuhi imeusema wa kwanza. Ikisema wa pili, na nikaujua, basi mtu atakapokufa kweli nani ataamini? Watu watakaa majumbani wakisubiri hakika, na maiti watazikwa bila waombolezaji. Nilisema tumwachie sheria. Nilisema mengi mazuri. Nilikuwa nikiongea na damu ya mtu mikononi.

Harun hakubishana nami. Aliandika kwenye simu yake, kisha akatuonyesha: Sumayya binti fulani amefariki leo kutokana na majeraha, taarifa za mazishi zitafuata. Akaituma kwenye Kengele kama shahidi wa kwanza.

"Haitatoka bila wa pili," aliniambia. "Simlazimishi mtu. Bi Rukaya hataithibitisha, ana msimamo wake. Wa pili ni wewe."

Nilimgeukia Sumayya. Kifo kilikuwa chake.

Nje, mtu alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake huku akipiga mluzi.

"Nimeshauawa na mume wangu kila wiki," alisema mwishowe. "Hii angalau haitaniuma. Lakini shangazi aambiwe kweli, kwa mdomo, kabla mtu mwingine hajamfikia. Na wewe, Fahim, ukifanya, fanya kwa moyo. Usinifanyie kwa kunihurumia. Huruma yako ndiyo iliyonileta hapa."

Alinipa simu yake. Kwa kuwa yangu haikuwepo, ilinibidi niingie kwenye Kengele upya kupitia ile, kwa kidole cha mkono wa kushoto, polepole. Nilifika kwenye ukurasa wa mashahidi. Tanzia ya Sumayya ilikuwa pale, inangoja. Chini yake, neno moja la kubonyeza: Nimeshuhudia.

Sikubonyeza. Nataka mliamini hili hata kama hamtaamini lingine. Nilikuwa bado nimeinua kidole, nikimwomba Mungu anionyeshe iliyo haki, nilipousikia mlio wa vikombe vya kahawa.

Ulilia kwenye simu niliyoishika. Ukalia kwenye simu ya Harun. Kwenye gari la pembeni yetu alikuwamo kijana wa Kisomali aliyejiunga na Kengele kwa ajili ya tahadhari za theluji, na hata yeye nilimwona akiitazama simu yake, akigusa kifua.

Tanzia ilikuwa imetoka.

"Umebonyeza," Harun alisema.

"Sijabonyeza."

"Imetoka, Fahim."

Niliusoma ukurasa tena. Shahidi wa kwanza: Harun. Shahidi wa pili: Fahim.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa mapajani, kidole kimevimba kama karoti. Wa kushoto ulikuwa bado hewani.

Ilinichukua pumzi mbili kuelewa, na mpaka leo sijui kwa nini sikuelewa mapema. Simu hujifunga ikiachwa bila kuguswa. Badawy hakuiacha. Alikuwa akiigusa tangu Burnsville, njia nzima, kila mara kioo kilipotaka kuzima. Alikuwa ndani ya Kengele kwa jina langu. Aliiona tanzia ya mkewe inaingia, akajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba ni uongo, kwa kuwa hila hiyo aliianza yeye asubuhi, akaithibitisha.

Na kama alikuwa ndani kwa jina langu, basi alikuwa akiona ninachokiona mimi. Majina yote. Namba zote. Milango yote.

"Raisa," nilisema.

Sumayya alishaninyang'anya simu. Harun aliliondoa gari kabla sijafunga mlango wangu, akipiga simu polisi kwa spika huku akitaja mtaa na namba ya mlango wa Goretti nilizokuwa nikimsomea kwa kichwa. Mwanamke wa upande wa pili alimwomba arudie. Akarudia. Akamwomba aseme tatizo ni nini hasa.

Sumayya alikuwa akimpigia Heri. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Niliwaza jinsi Heri anavyolala baada ya zamu, mto juu ya kichwa. Akapiga tena.

Ikapokelewa.

Haikuwa sauti ya Heri. Ilikuwa ya mtoto, na nyuma yake muziki wa katuni. Raisa hutuelewa sote tukisema Kiswahili, lakini hujibu kwa Kiingereza, na ndivyo alivyosema siku ile. Alisema mjomba Heri amelala na hataki kuamka, na kuna mtu anagonga.

"Usifungue, mama," Sumayya alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, sijui aliitoa wapi. "Kaa mbali na mlango. Nenda ukamvute mjomba miguu. Mvute kwa nguvu. Umesikia?"

Tulimsikia akitembea, miguu mitupu kwenye sakafu. Muziki wa katuni ukafifia. Tukasikia kugonga kwenyewe, kwa upole, na sauti ya mwanaume ikisema kitu kupitia ubao. Niliitambua. Ni sauti anayotumia na wafiwa.

"Raisa," Sumayya alisema. "Raisa, ni mama. Rudi kwenye simu."

Mtoto akarudi. Alipumua karibu na simu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alijibu kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayetafuta kila neno mahali lilipowekwa.

"Ni Baba," alisema. "Baba anasema mama amekufa. Watu wote wameambiwa."

Kisha akauliza:

"Sasa wewe ni nani?"

Na nyuma ya swali hilo nikausikia mnyororo wa mlango ukiteleza.